Kibati chenye tarehe za patenti: nani hasa alivumbua cherehani?

Swali limetoka kwa kijana fundi nguo wa Morogoro, nalifupisha hapa:

"Shikamoo mzee. Bibi ameniachia cherehani ya zamani ya Singer, ile ya kukanyaga kwa miguu. Kwenye kibati cha kuteleza kinachofunika bobini (kipande kinachozungushiwa uzi wa chini) kuna neno PAT. na tarehe nyingi za miaka ya 1800. Jirani ananiambia hiyo ndo tarehe iliyotengenezwa kwa hiyo nina kitu cha kale cha hela nyingi. Ni kweli? Na ni kweli Singer ndo aliyevumbua cherehani? La mwisho, rafiki yangu mchomeleaji kapata mchoro wa patenti ya zamani ya Marekani, mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi, anataka kuitengeneza auze ila anaogopa kushtakiwa. Tusaidie."

Marahaba mwanangu, na pole kama msiba wa bibi ni wa karibuni.

Nianze na hela maana hapo ndo mtu anaweza kuumia. Hapana, hizo sio tarehe za kutengenezwa. Ni tarehe ambazo ofisi ya Marekani ilitoa patenti, yaani haki ya mvumbuzi kutengeneza na kuuza kitu chake peke yake kwa muda fulani, kwa vipande mbalimbali vilivyomo ndani ya hiyo mashine, na zipo hapo kwa sababu ya sheria. Sheria yao ya mwaka 1842 ilimlazimisha mwenye patenti apige chapa ya tarehe kwenye kila kitu anachouza, asipofanya hivo faini ilianzia dola 100, ambayo enzi hizo ilikuwa hela nzito kweli, alafu sheria ya 1861 ikabadilisha adhabu ikawa usipoweka alama unakosa fidia kwa mtu aliyekuiga bila kujua. Kampuni haikuandika tarehe ili kukupa historia, iliandika kujikinga mahakamani. Kuandika namba ya patenti badala ya tarehe kulikuja kuwa sharti mwaka 1927, ndo maana mashine za zamani zimejaa tarehe tu.

Na kuna kipimo kizuri cha kujua kama hizo ni tarehe za patenti kweli. Ofisi ya Washington tangu mwisho wa miaka ya 1840 ilikuwa inatoa patenti siku ya Jumanne, na mpaka leo ni Jumanne. Chukua simu, fungua kalenda, rudi nyuma mpaka mwaka ulioandikwa kwenye kibati, utakuta tarehe zako zinaangukia Jumanne. Kumbuka tu Wamarekani wanaanza na mwezi ndo inafuata siku.

Kitu pekee ambacho tarehe hizo zinakuambia kuhusu umri ni kwamba mashine haiwezi kuwa ya zamani kuliko tarehe ya mwisho pale kwenye kibati, ila inaweza kuwa changa kuliko hiyo tarehe kwa miaka mingi sana, maana kiwanda kiliendelea kutumia kibati kilekile. Ukitaka umri wa kweli tafuta namba ya mashine yenyewe, kwa Singer imegongwa kwenye kitako upande wa kulia, mara nyingi imefunikwa na mafuta yaliyoganda, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Ikiwa ni namba tupu bila herufi basi ni ya kabla ya 1900, ikianza na herufi moja au mbili ni ya 1900 na kuendelea, na orodha za namba zote zipo wazi mtandaoni bure. Bei sasa: Singer walitengeneza mashine kwa mamilioni, mwaka 1876 peke yake waliuza 262,316, na kile kiwanda chao kikubwa cha Clydebank kule Scotland kilizimwaga dunia nzima pamoja na huku kwetu. Kwa hiyo ni kitu kizuri, ni kitu cha kutunza, lakini sio adimu. Yeyote atakayekuambia ina mamilioni ndani yake kwa sababu ya kile kibati, mwambie asante na endelea kushonea.

Sasa tuje kwenye nani alivumbua, na hapa nitachukua muda kidogo maana ndo kitu ninachokipenda na ndo watu wengi wanakosea. Tumezoea kuuliza "nani alivumbua" kama vile kuna mtu mmoja aliamka asubuhi akatoka na mashine nzima. Patenti haisemi hivo hata kidogo. Ukiisoma patenti ya karne ya 19 utakuta maelezo marefu na mchoro mzuri sana, lakini uzito wote uko mwishoni, kwenye aya fupi za madai, pale mtu anaposema kitu fulani tu ndicho changu. Mashine nzima anaichora ila anadai kipande. Jina kubwa lililopakwa rangi ya dhahabu kwenye mkono wa cherehani na madai yaliyoandikwa kwenye karatasi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Marekani mwaka 1836 walitunga sheria mpya, wakaweka ofisi yenye wakaguzi wa kuangalia kama kitu ni kipya kweli, wakaanza kuhesabu upya kutoka namba 1. Mwombaji alitakiwa kuapa kwamba yeye ndo mvumbuzi (hicho kiapo ukishikilie kichwani, nitakirudia), aandike maelezo, achore, na alete modeli ndogo, isiyozidi futi moja kila upande. Mwananchi wao alilipa dola 30. Muingereza akitaka patenti Marekani alitozwa dola 500, na wageni wengine dola 300. Wakati huohuo kule Uingereza kabla ya sheria ya 1852, kupata patenti ya nchi yote kulikula zaidi ya pauni 300 na kuzungushwa ofisi hadi ofisi, kwa hiyo mhunzi au mkulima wa kawaida alikuwa hana chake. Dola 30 sio kidogo kwa kibarua wa wakati ule, ni mshahara wa wiki kadhaa, ila fundi aliyejibana aliweza kuzipata, na hii ndo sababu kubwa ya wewe kukuta patenti za Marekani za karne ile zimejaa vitu vya nyumbani na shambani: majembe ya kukokotwa, mashine za kusukasuka maziwa kupata siagi, za kumenya tofaa, kufuli, pini, mitego ya panya.

Haya, cherehani. Mtu wa kwanza tunayemjua kupata patenti ya kitu kinachofanana na cherehani ni Thomas Saint wa London, 1790, ilikuwa ya kushonea ngozi na imefichwa ndani ya patenti inayoongelea viatu, ikalala kwenye makabati karibu miaka 80 bila mtu kujua. Alafu Barthélemy Thimonnier, fundi nguo wa Ufaransa, alipata patenti 1830, mashine yake sehemu kubwa ni mbao, inashona kwa uzi mmoja kwa mshono wa mnyororo. Aliweka kiwanda chenye mashine kama 80 Paris wakishona sare za jeshi, na mwaka 1831 mafundi wa mkono walivamia wakazivunja. Alikufa maskini mwaka 1857.

New York kulikuwa na Walter Hunt, na huyu mimi namheshimu kuliko wote. Kati ya mwaka 1832 na 1834 alitengeneza mashine yenye vitu viwili ambavyo mpaka leo vipo kwenye cherehani yako: sindano yenye tundu karibu na ncha badala ya kwenye kitako, na kidude cha kupitisha uzi wa pili chini ya kitambaa ili nyuzi mbili zifungane. Hakuomba patenti. Inasimuliwa kwamba alimshauri binti yake aanze biashara ya kushona kwa mashine, binti akakataa akihofia wanawake waliokuwa wanaishi kwa sindano za mkono watakosa kula, na yule aliyemuuzia haki ya mashine naye hakuifanyia kitu. Hunt huyuhuyu ndo alipata patenti ya pini ya usalama, ile tunayofungia nepi, namba 6,281 ya tarehe 10 Aprili 1849, akaiuza yote kwa dola 400 kwa sababu alikuwa anadaiwa. Hiyo pini bado inatengenezwa kwa umbo lilelile.

Ndo anakuja Elias Howe wa Massachusetts, patenti namba 4,750 ya tarehe 10 Septemba 1846. Hiyo patenti naomba uitafute uione mwenyewe, andika US4750 kwenye tovuti yoyote ya kutafutia patenti, mchoro utatokea. Angalia vizuri, hutaitambua kama cherehani. Sindano imepinda na inatembea kwa ubavu, sio juu chini. Kitambaa hakilali mezani, kinaning'inia wima kikiwa kimechomekwa kwenye vimisumari vya ukanda wa bati, na ukanda wenyewe unasogezwa kidogo kidogo. Ukanda ukifika mwisho unasimamisha mashine, unachomoa kitambaa, unarudisha ukanda mwanzo, unachomeka tena. Kwa hiyo ulishona mstari mfupi ulionyooka tu, mkono wa koti au kola ya mviringo usahau. Lakini ndani ya huo mstari ilikuwa kali, kama mishono 250 kwa dakika, na pale Boston iliwashinda mafundi watano wa mkono waliowekwa kushindana nayo.

Howe alidai nini? Alidai ule muungano wa sindano yenye tundu kwenye ncha na kile kidude chembamba kama mtumbwi kinachopita ndani ya kitanzi na uzi wa pili. Ukifungua kibati chako cha kuteleza ukakuta bobini ndefu nyembamba imekaa ndani ya kichuma kirefu kinachokwenda na kurudi, basi unaangalia mjukuu wa dai la Howe.

Dai zuri lakini hela hakuna. Wateja hawakumtaka, alikwenda Uingereza, haki za kule zikachukuliwa na mtengeneza kozeti William Thomas kwa pauni 250, na huyo Thomas akajiandikishia patenti ya Uingereza na kuvuna yeye. Howe alirudi kwao 1849 hana kitu, mke wake mgonjwa wa kifua kikuu akafariki muda mfupi baadaye, na alipoangalia madukani akakuta watu wanauza cherehani zenye sindano yake.

Mmoja wao ni Isaac Singer. Mwaka 1850 Singer alikuwa Boston kwenye karakana ambayo ilikuwa inatengeneza cherehani ya watu wengine inayoharibika kila mara, akaikagua, akabadilisha mpangilio, na patenti yake ni namba 8,294 ya tarehe 12 Agosti 1851. Aliweka sindano iliyonyooka inayoshuka kutoka kwenye mkono uliosimama juu ya meza, mguu wa kubana kitambaa, na baadaye ile pedali ya kukanyaga ili mikono yote miwili ibaki huru. Hiyo sasa ukiiona unasema kweli hii ni cherehani. Lakini soma madai: hadai sindano, wala hadai uzi wa chini, kwa sababu asingeweza. Anadai mambo madogo ya ufundi kama vile kile kidude cha uzi wa chini kusukumwa kidogo tena baada ya kupita ili mshono ukaze. Na sindano iliyonyooka inayoshuka kwenye meza iliyolala haikuwa yake pia, John Bachelder alishaipatia patenti mwezi Mei 1849, Singer na mwanasheria wake Edward Clark walikuja kuinunua.

Siku hiyohiyo ya tarehe 12 Agosti 1851, namba mbili tu mbele, 8,296, kuna patenti ya Allen Wilson, fundi seremala aliyekuwa mgonjwa mgonjwa, ya ndoano inayozunguka badala ya kidude cha kwenda na kurudi. Kama umewahi kushika cherehani yenye bobini ya mviringo umeshika wazo la ukoo wa Wilson. Na mwaka 1854 huyuhuyu alipata patenti ya kitu ambacho kwangu mimi ndo uvumbuzi mzuri kuliko vyote katika habari nzima, meno ya kusogeza kitambaa. Fanya hivi leo ukipata nafasi: toa uzi, inua mguu, alafu zungusha gurudumu polepole kwa mkono huku macho yako yako kwenye meno. Yanapanda yanakamata kitambaa, yanasogea mbele kiasi cha mshono mmoja, yanashuka chini ya bati, yanarudi nyuma yakiwa yamejificha. Miendo minne. Wakati yamejificha kitambaa kiko huru, ndo maana unaweza kukigeuza ukashona kola, mkunjo wa shingo, mfuko wa mviringo, kitu ambacho mashine ya Howe isingeweza hata kwa dawa. Karibu kila cherehani duniani leo, hata ya umeme yenye kompyuta, inasogeza kitambaa hivohivo, na jina la Wilson hulioni mahali.

Basi ikawa hivi: mwenye sindano ni Howe, mwenye meza ni Singer kwa kununua, mwenye meno ni Wilson, na kampuni ya Grover na Baker ina mshono wake wa mnyororo wa nyuzi mbili, na hakuna hata mmoja anayeweza kutengeneza cherehani nzuri bila kukanyaga dai la mwenzake. Wakashtakiana kila mahali. Singer alijitetea kwa kumfufua Hunt, akisema huyu mzee alitangulia kwa hiyo patenti ya Howe ni batili. Kamishna wa patenti Charles Mason aliamua mwaka 1854, na uamuzi wake unafundisha sana: alikubali kwamba Hunt ndiye aliyetangulia kutengeneza, lakini kwa kuwa aliuza na kuliacha jambo miaka yote ile bila kuomba, sheria haimpi kitu. Mwaka huohuo mahakama ya Massachusetts ikasimama na Howe, na Singer akamlipa dola 15,000 kumaliza kesi.

Umeona hapo, sheria yenyewe ilitenganisha aliyefanya kwanza na mwenye haki, ikasema wazi ni watu wawili tofauti. Kwa hiyo mtu akikuuliza Singer ndo alivumbua cherehani mjibu hapana, na akikuuliza Howe ndo alivumbua mjibu pia hapana, Howe alishinda dai.

Mwaka 1856 kule Albany, walipokuwa wamekusanyika kwa kesi, mwanasheria Orlando Potter aliyekuwa rais wa Grover na Baker akawaambia tunamalizana wenyewe kwa wenyewe, tuweke patenti zetu kwenye chungu kimoja. Wakakubali wanne: Howe, Singer, Wheeler na Wilson (kampuni ya yule Wilson wa meno), na Grover na Baker. Kiwanda kingine chochote kikitaka kutengeneza cherehani kilipe dola 15 kwa kila mashine, na katika hizo Howe peke yake alipata 5. Mwaka 1860 patenti ya Howe ilipoongezewa miaka 7 tozo ikashuka mpaka dola 7 na ya Howe ikawa 1. Umoja huo ulidumu mpaka 1877, patenti ya Bachelder ilipoisha baada ya kuongezewa muda mara mbili, na baada ya hapo bei za cherehani zilianguka sana maana yeyote alikuwa huru kutengeneza. Howe hakuiona hiyo siku, alifariki Oktoba 1867, mwezi mmoja baada ya patenti yake kuisha, akiwa ameshapata kama dola milioni 2. Mtu aliyerudi kutoka London hana kitu, na wakati wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe alijiandikisha jeshini kama askari wa kawaida huku ni tajiri.

Na jina la Singer lilibaki juu kwa sababu ya Clark, mwanasheria, aliyeanzisha 1856 kuuza kwa mkopo, unatoa dola chache unaondoka na mashine unalipa kidogo kidogo. Uvumbuzi wa biashara ule, nao haumo kwenye kibati.

Shambani mambo yalikwenda njia hiyohiyo. Mashine ya kuvunia ngano wengi wanampa Cyrus McCormick, lakini Obed Hussey alipata patenti ya yake tarehe 31 Desemba 1833 na McCormick tarehe 21 Juni 1834, japo alishaijaribu shambani kwao Virginia mwaka 1831. McCormick alipoomba aongezewe muda mwaka 1848 walimkatalia, na akatajirika hivohivo kwa kiwanda cha Chicago, dhamana ya maandishi na kuuza kwa mkopo. Seng'enge nayo: kabla ya Joseph Glidden wa Illinois watu walishaweka miiba kwenye waya, ila mwiba uliteleza na kujizungusha ng'ombe akiegemea. Patenti ya Glidden, namba 157,124 ya tarehe 24 Novemba 1874, inadai kitu kimoja, mwiba unazungushiwa waya mmoja alafu waya wa pili unasokotwa nao ili kuubana usiteleze. Nenda duka la hadweya ushike seng'enge yoyote utakuta nyaya mbili zilizosokotwa na mwiba umebanwa katikati. Kesi zilipigwa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1892 na dai hilo dogo likashinda.

Nilisema nitarudi kwenye kiapo. Shambani kwa McCormick alikuwepo mtumwa anaitwa Jo Anderson aliyesaidia kutengeneza ile mashine ya kwanza, kwenye patenti hayupo. Na kuna habari ya Ned, mhunzi, mtumwa Mississippi, aliyebuni kifaa cha kupalilia pamba. Bwana wake Oscar Stuart aliomba patenti mwaka 1857 akisema wazi kwamba kifaa kimebuniwa na Ned lakini matunda ya mtumwa ni mali ya bwana. Ofisi ikakataa, na mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa serikali Jeremiah Black akathibitisha: Stuart hawezi kuapa kwamba ni mvumbuzi kwa sababu sio yeye, na Ned hawezi kuapa kwa sababu kisheria mtumwa si raia. Kwa hiyo patenti haikutoka kabisa, na Stuart akaendelea kukiuza kile kifaa. Majimbo ya kusini yalipojitenga mwaka 1861 yalitunga sheria yao ya patenti inayomruhusu bwana kuandikisha ubunifu wa mtumwa wake. Kwa hiyo mwanangu ukiona orodha ya majina na tarehe, ujue kuna watu waliobuni wakafungiwa mlango kwa sheria, na hakuna kibati kitakachokuonyesha. Henry Blair, Mwafrika wa Maryland aliyepata patenti ya mashine ya kupandia mahindi mwaka 1834 na ya kupandia pamba mwaka 1836, ni mmoja wa wachache sana waliopita.

Na hii haiko mbali na sisi. Merikani, kile kitambaa babu zetu wa pwani mpaka bara walichovaa na kufanyia biashara, kilikuja Zanzibar kwa meli za Salem, Massachusetts, jimbo lilelile la Howe, kimefumwa kwa pamba iliyolimwa na watu kama Ned. Vita vya 1861 vilipokata pamba, merikani ikaadimika huku pia.

Sasa rafiki yako mchomeleaji, mwambie atulie. Patenti ya Marekani ya karne ya 19 iliishi miaka 14, ikaongezewa 7 ikibahatika, na kuanzia 1861 ikawa 17. Zote zimekufa zamani sana. Na ukiacha muda, patenti inafanya kazi kwenye nchi iliyoitoa tu. Mchoro huo sasa ni wa kila mtu, atengeneze, auze, abadilishe anavyotaka, hadaiwi na yeyote. Hivi ndo mpango ulivyokuwa tangu mwanzo, mvumbuzi apewe muda wake wa kula peke yake na yeye aeleze kila kitu wazi kiasi kwamba fundi mwingine akisoma aweze kutengeneza, alafu muda ukiisha kiwe cha umma.

Ila kuna tahadhari tatu nampa. Ya kwanza, asibandike jina la kampuni ya zamani, patenti zinakufa lakini alama za biashara zinaweza kuishi miaka yote, Singer ni mfano. Ya pili, kama mashine anayoiona imetoka kwenye kiwanda cha siku hizi chenye maboresho mapya, hayo maboresho yanaweza kuwa na patenti hai, muda wake leo unafika mpaka miaka 20, kwa hiyo ashike mchoro wa zamani na aulize BRELA (wakala wa serikali yetu wa kusajili biashara na patenti) kabla ya kuiga kitu kipya. Ya tatu ni ya ufundi: zile mashine za kupukuchua za karne ya 19 zina sahani ya chuma cha kuyeyusha yenye meno, na mbele yake kibamizo kinachosukumwa na springi ili gunzi nene na gunzi jembamba vyote vipite. Siri iko kwenye hiyo springi na kwenye umbali kati ya kibamizo na sahani. Akichomelea kibamizo kikakaa palepale bila springi, magunzi makubwa yatakwama na madogo yatatoka na punje zake. Asome madai ya mwisho ya hiyo patenti neno kwa neno, aangalie herufi zilizopo kwenye mchoro, na kama Kiingereza chake cha zamani kinamtatiza anitumie picha ya ukurasa wa mwisho nitamtafsiria.